London inaita, Kiboriloni inaitika

Hotuba hii ya kumkumbuka Joe Strummer, mwanamuziki wa Uingereza, niliitoa jioni ya Desemba 22, uani kwa fundi mwenzangu, Kiboriloni, Moshi. Nimeiandika kutoka kwenye rekodi ya simu. Pale bodaboda zilipopita nimeruka.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Vijana mliopanda Coaster asubuhi kutoka Arusha, mambo? Aika sana kwa kufika.

Najua tarehe kama hii kila mtu ana kwao pa kupanda. Mabasi ya Dar yanamwaga watu stendi usiku na mchana, ndugu zetu wamekuja kuhesabiwa, na mbuzi huko Uru, Kibosho na Marangu wameshaanza kuangaliana. Sitawaweka sana. Naomba tukae kidogo na marehemu mmoja ambaye hana kihamba, shamba la ukoo, hapa, hana hata mgomba, na baadhi yenu jina lake mmelikuta kwa mara ya kwanza kwenye ujumbe wa kuwaalika: Joe Strummer, mwanamuziki wa panki. Alifariki tarehe kama ya leo, mwaka 2002, nyumbani kwake Broomfield, Somerset, Uingereza. Alikuwa na miaka 50. Moyo wake ulikuwa na kasoro aliyozaliwa nayo, akatembea nayo maisha yote bila kujua.

Kwanza nitoe utata. Nikisema panki, vinyozi wa hapa wananiangalia kichwani. Panki ninayoisema leo ni muziki, ingawa wenye muziki huo nywele zao nazo zilikuwa kesi nyingine. Ulishika moto London mwaka 1976, wakati wasio na kazi Uingereza walikuwa wamevuka milioni moja, na vijana wakaona muziki wa rock umekuwa wa mamilionea wanaopiga solo dakika kumi. Wao wakachukua magitaa ya bei rahisi, kodi (chords) tatu, wimbo dakika mbili, kwisha. Hujui kupiga? Panda hivyo hivyo jukwaani, utajulia huko. Bendi ya Joe iliitwa The Clash. Yeye aliimba na kupiga ridhimu, Mick Jones alipiga solo na kuimba, Paul Simonon besi, na baadaye Topper Headon kwenye drums.

Sasa mtu atauliza, fundi redio wa Kiboriloni ameyajulia wapi haya? Nimeyajulia mlimani.

Mwaka 1994 nilikuwa mgumu. Waliotoka mbali wajue: mgumu ni mpagazi wa Kilimanjaro, yule anayebeba mzigo kichwani huku mgeni amebeba chupa ya maji. Tulikuwa njia ya Marangu, Horombo, mita 3,720, siku ya kupumzika ili mwili uzoee. Mgeni wetu mmoja, mzee wa Kiingereza mwenye masikio mekundu, alikuwa hali. Kichwa kilimuuma, chakula kinarudi jikoni kama kilivyokwenda. Nikatumwa nimpelekee supu. Nikamkuta amekaa nje ya kibanda, amevaa visikio, anatikisa goti. Nikadhani ni baridi. Akanisogezea kofia pembeni, akaniweka kisikio kimoja.

Nisikilizeni vizuri hapa. Mimi nilikuwa mtoto wa kwaya ya usharika, na nje ya kanisa nilikuwa mtu wa dansi. Gitaa nililolijua linabembeleza. Solo inapanda taratibu kama moshi wa jikoni asubuhi, inakwenda, inarudi, inakusalimia. Hili la kwenye kisikio lilikuwa linakata. Lilikuwa kama mtu anapasua kuni kwa panga butu, hasira anazo, lakini pigo halikosei. Halafu akaingia mwimbaji, sauti imekwaruzwa, maneno anayatafuna nusu. Nikamuuliza mgeni kwa Kiingereza changu cha mlimani: huyu anaimba au anagombana na mtu? Mzee akacheka mpaka akakohoa, nikaogopa, maana pale juu kikohozi si jambo la kuchezea. Alipotulia akala supu yote.

Tuliposhuka getini akatoa bahasha ya tipu kama wengine, halafu mimi akanipa na kaseti. Walkman alirudi nayo kwao. Kaseti hii hapa. Mkono wa kwanza ndio unaofaa kuishika, wa pili asiikunje, utepe umeshaungwa mara mbili kwa selotepu.

Tazameni kava. Kijana ameinama, ameshika besi kama shoka, anataka kuipasua kwenye jukwaa. Huyo si Joe, ni Paul Simonon, ukumbi wa Palladium, New York, Septemba 1979. Mpiga picha, Pennie Smith, hakutaka itumike kwa sababu imetoka na ukungu, na Joe ndiye aliyeng'ang'ania. Maandishi ya waridi na kijani waliyaiga kwa makusudi kutoka santuri ya kwanza ya Elvis Presley ya mwaka 1956. Hayo niliyajua baadaye sana. Siku ile pale getini tulikuwa wagumu sita, na hakuna aliyeuliza hawa wanaimba nini. Waliuliza kitu kimoja: besi nzima? Mmoja aliyewahi kupiga tumba kwenye bendi akasema huyu kwetu mwenye vyombo angemfikisha polisi. Na ni kweli. Kwetu gitaa halikuwa la mpigaji. Urafiki Jazz vyombo vilikuwa vya kiwanda cha nguo, JUWATA vya jumuiya ya wafanyakazi. Ukihama bendi unaondoka na sauti yako na shati. Mpaka leo picha ile naipenda, lakini inaniuma, kama unavyoumia ukiona mtu anamwaga maziwa.

Kuhusu kuzaliwa kwake nitapita haraka, maana mtu hakuja hapa kusikiliza wasifu. John Graham Mellor, Agosti 21, 1952, Ankara, Uturuki. Baba mtumishi wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza, mama mtoto wa wakulima wadogo wa kaskazini mwa Scotland. Akakulia Cairo, Mexico City na Bonn, akapelekwa bweni akiwa na miaka tisa. Kaka yake, David, alijiua mwaka 1970, na Joe hakupenda kulizungumza sana, nami nitaliacha hapo. Alichimba makaburi Newport, Wales. Alizunguka kwenye stesheni za treni za chini ya ardhi London na mwanamuziki wa fidla, kazi yake ikiwa kukusanya sarafu za wapita njia, mpaka naye akashika yukulele akaanza kujifunza.

Ninapotaka kukaa ni kwenye mkono.

Joe alikuwa wa kushoto, lakini alijifunza gitaa la watu wa kulia. Wapigaji mnanielewa. Mkono hodari ukaenda kubana nyuzi, na ule mzito ndio ukabaki na kazi ya kupiga. Kuchambua uzi mmoja mmoja hakuweza. Kwa hiyo alipiga zote sita kwa mkupuo au hakupiga kabisa, mwenyewe alisema hivyo. Ndiyo maana mwaka 1975 akajipa jina la Strummer, na baada ya hapo ukimwita jina la zamani haitiki. Kwa lugha ya bendi zetu alijiita Mpiga Ridhimu, basi. Ni jina la kazi, kama mtu ajiite Dereva.

Na mimi ni wa kushoto. Shule ya msingi niliyosoma siitaji. Mwalimu mmoja alikuwa ananifunga mkono huu kwa kamba ya katani kwenye mguu wa dawati mpaka kengele ya mapumziko. Kwa kulia nikajifunza kuandika kweli, na mpaka leo mwandiko wangu kama kuku amepita. Lakini bisibisi naishika kwa kushoto. Hakuna mwalimu aliyekuwepo siku ya kwanza niliposhika bisibisi.

Hebu niwaulize. Nani hapa anamjua mpiga solo wa bendi anayoipenda? Naona mikono. Mbaraka Mwinshehe, sawa. Sasa nitajieni mpiga ridhimu wake. (Hapa watu walinyamaza. Mzee wa kahawa akataja jina, mwenzake akamwambia huyo alikuwa wa besi, wakabishana, nikawaacha.) Mnaona? Ridhimu hawaikumbuki, lakini ikitoka, solo inabaki uchi inaning'inia. Joe ni mpiga ridhimu ambaye watu wamemkumbuka. Mimi naona maajabu yake yako hapo kuliko kwenye kelele. Alikuwa kiongozi wa bendi, sura ya bendi, na mkono wake wakati wote uko chini unashikilia wengine wapite.

Gitaa lenyewe lilikuwa Fender Telecaster ya 1966. Alilinunua mwaka 1975, na fedha zilitokana na ndoa. Msikimbilie mahari. Msichana wa Afrika Kusini alihitaji karatasi za kuishi Uingereza, akamlipa pauni 100 amuoe. Akina baba wenye mabinti, tulieni. Kwetu mwanaume anapeleka mbege na mbuzi, mwenzetu alipokea, akaongezea, akanunua gitaa, akalipaka rangi nyeusi, na lilikaa naye mpaka mwisho.

Sasa bei. Hili nalipenda kuliko yote na ndugu zangu wa mitumba mtalielewa. Mwaka 1979, Desemba, The Clash walitoa kazi hii iliyo kwenye kaseti, London Calling. Nyimbo 19, santuri mbili. Wakaibana kampuni mpaka ikauzwa kwa bei ya santuri moja. Mwaka uliofuata, Desemba tena, wakaleta Sandinista!, santuri tatu, nyimbo 36. Kampuni ikashika kichwa. Ili iuzwe kwa bei ya chini, bendi ikakubali kuachia mrabaha wa nakala 200,000 za kwanza. Mrabaha ndiyo ugali wa msanii. Waliuacha mezani ili kijana asiye na kazi aweze kununua. Na wakati huo walikuwa na madeni, msidhani walikuwa wameshiba.

Nisiwe shabiki kipofu. Katika zile nyimbo 36, kumi hivi ningezichinja Desemba hii hii. Kuna mahali watoto wanaimba, kuna mahali utepe unachezwa kinyumenyume. Lakini ukinunua gunia la viazi kwa bei ya debe, hulalamiki kwamba vingine vidogo.

Jina la London Calling nalo lina habari yake, na hapa wazee ndio wenye mali. Lilitokana na maneno ya BBC ya wakati wa vita, ilipokuwa ikitangazia nchi za nje: hapa London inaita. Sisi London imetuita kwa Kiswahili tangu 1957. Mnakumbuka redio za Philips, baba amepandisha antena ya waya kwenye mti wa mparachichi, jioni hakuna mtoto kukohoa mpaka Idhaa ya Kiswahili ya BBC imalize habari. Baba yangu alikuwa anasema, "Ngoja London iseme." Hata matokeo ya mpira wa Dar hakuyaamini mpaka London iseme. Kwa hiyo mtoto wa nyumba ile alipopata kaseti yenye jina kama hilo, alidhani ni habari. Na kwa namna fulani ilikuwa habari: wimbo ule unahofia mto Thames kufurika, unahofia nyuklia, maana Machi 1979 mtambo wa Three Mile Island kule Marekani ulikuwa umepata ajali. Ila hii ni taarifa ya habari iliyosomwa na mtu asiyemwamini msomaji wa habari.

Na tazameni mzunguko. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Joe mwenyewe akapewa kipindi BBC World Service, akawa anapiga santuri zake: rumba, kumbia ya Kolombia, rege, muziki wa Afrika, chochote kilichomkamata. Mtoto aliyeikejeli redio akaingia ndani ya redio akafungua madirisha.

Watu wa rege, msinune, nakuja kwenu. Wimbo wa Police and Thieves ni wa Junior Murvin, Jamaika, 1976, chini ya fundi Lee Perry. The Clash wakaupiga kwenye santuri yao ya kwanza, 1977. Weupe wengi wameiba muziki wa weusi, hilo linajulikana. Hawa waliukopa wakataja mwenye mali, na mwaka huo huo Lee Perry akawatengenezea wimbo wao mwingine. Bob Marley naye akawataja kwa jina katika wimbo wa 1977 kuhusu panki na rege kukutana. Mtu akishatajwa na Bob, mjadala wa watu wa rege wa Sanawari na Ngarenaro, kule Arusha, umefungwa.

Halafu kuna wimbo wa White Riot, uliowaletea balaa. Joe na Paul walikuwepo Notting Hill, London, Agosti 1976, vijana weusi walipopambana na polisi kwenye kanivali. Joe akaandika kwamba weusi wanathubutu kupigania haki yao, mbona sisi vijana weupe tumekaa kama kondoo? Wabaguzi wakasoma kichwa cha wimbo tu, wakadhani ni wao wanaimbiwa. Ikabidi aeleze maisha yake yote. Aprili 30, 1978, bendi ikapanda Victoria Park, mashariki mwa London, mbele ya makumi ya maelfu waliokuja kupinga ubaguzi. Nadhani pale ndipo alipojibu vizuri kuliko kwenye mahojiano yoyote.

Kwetu marehemu hasemwi. Mimi nitamsema kidogo, kwa kuwa yeye mwenyewe alijisema. Mwaka 1982 walimtoa Topper Headon kwa sababu ya heroini. Topper ndiye aliyetunga muziki wa Rock the Casbah, wimbo uliowaingiza kumi bora za Marekani, na ulipofika huko yeye alikuwa nje anausikia redioni kama mimi na wewe. Mwaka 1983 wakamfukuza Mick Jones. Mnamfukuza mpiga solo aliyeianzisha bendi! Wakabaki wanajikongoja, wakatoa Cut the Crap mwaka 1985, ambayo nimeisikiliza mara moja na nusu. Mwaka 1986 kwisha habari. Joe alikuja kukiri wazi kwamba alikosea, akatangatanga miaka zaidi ya kumi, filamu hapa, bendi ya watu pale, mpaka 1999 alipotoka na The Mescaleros. Kiburi cha mpiga ridhimu ni kibaya kwa sababu hakina kelele, hukioni mpaka nyumba imeanguka.

Nitoke kidogo nje ya njia. Kuna kampuni niliyoibebea mizigo, siitaji, ambayo ilitukata fedha ya siku mbili kwa sababu mgeni hakufika kileleni. Mgeni ameugua Kibo, tumemshusha usiku kwa machela, asubuhi tunaambiwa safari haikukamilika. Tulikuwa kumi na moja. Tukakaa chini pale getini tukagoma, na sisi hatukuwa na chama wala bango. Mmoja wetu alikuwa na kinanda kidogo cha mdomo, akapiga, tukaimba pambio tukibadilisha maneno. Tulilipwa siku moja kati ya mbili. Mwaka uliofuata nikaacha mlima. Naileta habari hii kwa sababu ya Novemba 15, 2002, Acton, London. Wazima moto wa Uingereza walikuwa kwenye mgogoro wa mshahara, na Joe na Mescaleros wakapiga onyesho la kuwachangia. Mick Jones alikuwa ukumbini kama mtazamaji. Ulipoanza mmoja wa nyimbo zao za zamani hakuvumilia, akapanda jukwaani, akachukua gitaa. Miaka 19 hawakuwa wamesimama pamoja jukwaani. Wala hawakupanga. Hilo la kukutana tena, watu walikuwa wamewaahidi fedha nyingi sana walifanye, na wao wakalifanya bure kwa ajili ya wazima moto.

Wiki tano baadaye Joe akatoka kutembeza mbwa, akarudi nyumbani, akaketi, akafa.

Mimi nilisikia kesho yake. Nilikuwa tayari na kibanda changu hapa. Redio ya mteja ilikuwa mezani, mgongo umefunguliwa, nimeiweka kwenye BBC ya Kiingereza kujaribu spika. Spika ilikuwa inakwaruza, nikadhani nimesikia vibaya. Nikasogeza sikio. Mkononi nilikuwa na chuma cha moto cha kuungia waya, nikakisahau juu ya ubao. Alama ipo mpaka leo, imeingia kidole kizima. Mteja alipokuja nilimwambia redio yako imepona, lakini imeleta msiba.

Siku zake za mwisho alikuwa anaandika wimbo na Bono na Dave Stewart kwa ajili ya kampeni ya Mzee Mandela dhidi ya UKIMWI, ile ya 46664, namba yake ya gerezani. Mandela tunamjua watu wa kanda hii, alikuja Arusha kuwapatanisha Warundi, mkataba ukasainiwa Agosti 2000. Joe hakuuona wimbo ukipigwa Cape Town Novemba 2003. Mwaka huo ikatoka santuri yake ya mwisho, Streetcore, na ndani yake ameimba Redemption Song ya Bob. Amri kwa watu wa Ngarenaro: isikilizeni usiku, peke yenu.

Vijana mnadhani huyu ni wa wazee. Ule wimbo wa M.I.A., Paper Planes, wenye milio ya bunduki, uliopigwa kila disko tangu 2007, lile gitaa la chini linaloelea limechukuliwa kutoka Straight to Hell ya The Clash. Rachid Taha, Mwarabu wa Aljeria, aliichukua Rock the Casbah akaiimba kwa Kiarabu, mwaka 2004. Johannesburg mwaka 1979, weusi na weupe waliunda bendi moja ya panki na rege, National Wake, wakati sheria za makaburu zilikuwa zinawakataza hata kukaa mtaa mmoja. Na jirani zetu X Plastaz, walipochukua uimbaji wa Kimasai wakautia kwenye hip hop ya Arusha, sisemi walimsikiliza Joe. Nasema mlango ni ule ule: chukua cha kwenu, chukua cha jirani, taja cha jirani.

Kwao wamemkumbuka kwa namna zao. Granada, Hispania, mji alioupenda, kuna kiwanja kidogo chenye jina lake tangu 2013. Kisiwa cha Skye, kule Scotland ya akina mama yake, kuna msitu uliopandwa kwa ajili yake. Familia na rafiki zake walianzisha mfuko wa kuwasaidia vijana wanaoanza muziki na hawana vyombo wala pa kufanyia mazoezi. Na mwaka 2005, Bristol, injini ya treni ilipewa jina lake. Injini nzima. Sisi tuliokaa miaka mingi reli imeota nyasi mpaka treni ya abiria iliporudi Moshi Desemba 2019, tunajua injini ni kitu gani. Mtu kuwa garimoshi, halafu akumbukwe Moshi, hilo sikulipanga mimi.

Nimalizie na hili la fulana. Wiki tatu zilizopita dada mmoja aliye hapa, yuko pale nyuma anajificha, alifungua belo pale sokoni. Sweta, sweta, jinzi za watoto, halafu fulana nyeusi iliyofifia, kwapa moja limechanika. Akaniita: "Fundi, huyu si yule wako wa shoka?" Ndiyo yeye, Paul na besi yake, waridi na kijani. Imevaliwa na mtu huko, ikafuliwa mpaka ikachoka, ikatolewa, ikabanwa kwenye belo, ikavuka bahari, ikashuka Kiboriloni. Nikauliza bei. Akanitajia bei ya mgeni! Nikamwambia dada yangu, wenyewe hawa waliuza tatu kwa bei ya moja. Akanijibu, "Basi lete mbili nyingine." Nililipa. Haikunitosha, tumbo hili. Amevaa mpwa wangu, huyo hapo mbele, na amegeuza gitaa kichwa chini kwa sababu naye ni wa kushoto. Mwacheni hivyo hivyo.

Matangazo mawili. Gitaa hilo lina nyuzi tano, wa sita tumeulizia Arusha na upo, bakuli linapita, weka ulichonacho. La pili, kaseti yangu irudi mbele kabla ndizi hazijapakuliwa, na mwenye betri kubwa mbili aniletee, maana umeme wa hapa mnaujua.

Haya, mpwa wangu. Anza, tutakufuata.